Goli la Kiberiti na Kitabu cha Refa

Kazi alizofanya maishani mwake zilikuwa mbili, na zote mbili hakuna aliyefurahi kumwona akija. Siku za kazi alisoma mita za maji: anabisha geti, anapiga magoti kwenye kishimo kilichojaa utando wa buibui, anapangusa kioo cha mita kwa kidole gumba, anaandika, anaondoka huku mwenye nyumba akimtazama kama aliyeiba kitu. Mwisho wa wiki alikuwa refa. Majirani, shemeji zake, hata mkuu wake wa kazi, wote walimwita Refa, na lile jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mpira aliochezesha ulikuwa wa madaraja ya chini, timu za viwanda na maofisi, ambako mchezaji aliingia uwanjani bado ana grisi kwenye kucha na mwajiri wake amekaa jukwaani akimtazama. Alichezesha miaka mingi, mpaka goti la kulia likakataa kukimbia, kisha likakataa na ngazi. Alipostaafu, watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Akabaki na mkewe, redio, na ile tabia ya kutazama saa ya mkononi bila sababu yoyote.

Siku moja mkewe alimtuma sabuni. Pale palipokuwa na uwanja wao wa zamani palikuwa pamejengwa supamaketi kubwa, yenye milango inayojifungua yenyewe, na Refa alikuwa ameikwepa tangu ifunguliwe. Si kwamba alisusa. Miguu tu haikumpeleka. Siku hiyo duka la karibu lilikuwa limefungwa, ikabidi aende. Akachukua kikapu, akapita mchele, akapita biskuti, na alipofika mbele ya friji za maziwa akatupa jicho dirishani. Aliona lile tangi la maji la mji, juu ya miguu yake minne ya chuma. Alikuwa amelitazama kutoka pembe ile ile mara zisizohesabika, filimbi mdomoni, akisubiri watu watulie. Mwili ukajua kabla ya akili: alikuwa amesimama ndani ya boksi la goli la kusini, na pale penye friji ndipo ilipokuwa nukta ya penalti.

"Mzee, kuna kitu unatafuta?" mfanyakazi mmoja akamuuliza.

"Sitafuti kitu," Refa alijibu. "Naangalia tu."

Akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Sabuni iko wapi?" mkewe akauliza.

"Wameweka friji kwenye penalti."

"Mimi nakuuliza sabuni, wewe unaniambia penalti. Leo utaoga na maneno yako hayo."

Hakuoga na maneno, lakini aliyaandika. Kulikuwa na laptopu ya zamani ambayo binti yao, muuguzi, aliiacha alipopata mpya. Refa akaiweka kwenye meza ya kulia chakula na kuanza kuandika kwa vidole viwili, akiisaka kila herufi kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Aliandika jinsi walivyochora mistari kwa majivu siku ambazo chokaa haikupatikana, na upepo ukivuma mstari wa pembeni unahama, ikabidi yeye na mshika kibendera wake wakubaliane kwa macho uwanja unaishia wapi. Aliandika habari za ukuta wa upande wa barabara, ambao wasio na tiketi waliupanda wakakaa juu wamebanana kama ndege kwenye waya, na siku ukuta ulipolala chini na watu wake wote, vumbi likatua, watu wakajipapasa wakajikuta wazima, wakajikuta pia wako ndani bure, na mechi ikaendelea. Aliandika harufu ya dawa ya misuli, na machungwa yaliyokatwa vipande wakati wa mapumziko. Alimwandika kipa wa timu ya Posta aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, akisema kichwa chake kikipata baridi hadaki. Aliandika ile pumzi ambayo uwanja mzima huivuta kabla ya penalti kupigwa, na jinsi mtu aliyesimama peke yake katikati anavyoisikia mgongoni mwake.

Matusi nayo aliyapa sura nzima. Aliyapanga kuanzia ya kitoto hadi ya kifundi. Humo aliandika habari za siku pekee ambayo mkewe alikuja uwanjani, akakaa katikati ya watu waliokuwa wakimtukana mumewe, na muda si muda naye akasimama akapiga kelele kwa nguvu kuliko wote: "Hiyo ni penalti, wewe kipofu!" Nyumbani hakumwomba radhi. Alimwambia tu kwamba ilikuwa penalti.

Misimu miwili ya mvua ikapita, kitabu kikakamilika. Binti yake alikisoma kwenye zamu za kimya kimya, akacheka, akalia kidogo, kisha akamtafutia mchapishaji. Wakubwa hawakujibu. Aliyejibu ni mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya vitabu vya mtandaoni, vile vinavyosomwa kwenye simu na kompyuta, visivyo na karatasi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani: meza mbili, feni inayolalamika, na maboksi ya vitabu vya zamani vya karatasi yaliyopangwa hadi darini. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri, mhasibu, na mfagiaji. Refa alianza kumwita Mhariri, na jina likakaa.

"Baba, kitabu chako ni kizuri," Mhariri alisema, "nakitaka. Lakini kabla hujatia sahihi tuongee ukweli. Unategemea tuuze nakala ngapi?"

Refa alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu nyumbani. "Uwanja wetu ukijaa ulikuwa na watu kama elfu sita. Tuseme wengine wametangulia mbele ya haki. Tuseme wengine kusoma ni adhabu kwao. Mimi si mtu wa tamaa, mwanangu. Elfu mbili."

Mhariri hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Wale elfu sita, baba. Walikuja kukuona wewe?"

Refa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, hata ukweli ulipomchoma. "Walikuja kuona mpira," alisema. "Refa akionekana sana, ujue siku hiyo mambo yameharibika."

"Basi tuanzie hapo. Sisi ni wadogo. Hatuna dirisha barabarani, hatuna bango, hatuna mtu redioni. Kitabu chetu kinakwenda kusimama kwenye rafu ya mtandaoni yenye vitabu visivyo na mwisho, na hakuna anayejua kipo mpaka aambiwe. Vingi vya kwetu, mwaka wa kwanza, vinauza kati ya thelathini na themanini. Wiki za mwanzo wananunua wanaokujua. Halafu kinakuja kimya. Kile kimya ndicho kinachowaumiza waandishi, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mimi nakuambia mapema."

"Themanini?" Refa alisema. "Mke wangu peke yake ana ndugu zaidi ya hao."

"Utashangaa ni wangapi watanunua."

"Kuna kampuni imemwandikia binti yangu. Wanasema maelfu."

"Wanataka uwalipe kwanza?"

Refa akainua macho akaitazama feni.

"Wakimbie," Mhariri alisema. "Mimi sichukui kitu kutoka kwako. Kikiuzwa tunagawana. Kisipouzwa, tumekosa wote."

Akatia sahihi. Kwa masikio alikuwa amesikia kila neno, lakini moyoni aliondoka na elfu mbili yake, au tuseme elfu moja na nusu, kwa kumheshimu yule dada.

Siku kitabu kilipotoka, Refa alivaa shati jipya, ingawa hakuwa na pa kwenda. Akakaa sebuleni na simu mkononi. Simu iliita. Ilikuwa shemeji yake mkubwa.

"Shemeji, hongera! Nimesikia habari ya kitabu. Sasa nitumie hilo faili hapa kwenye simu, mimi nitalisambaza kwa watu wote bure, utakuwa maarufu!"

Wengine walikuwa hivyo hivyo. Sokoni walimpa mkono, harusini walimsimamisha katikati ya ukumbi wakampigia makofi, jirani akamkumbatia na kumwambia anajivunia kuishi karibu na mwandishi. Aliyenunua hakuonekana. Mtu aliyemvunja nguvu kuliko wote ni mshika kibendera wake wa zamani, aliyeitwa Kibendera mpaka na wajukuu zake. Huyu alikuwa na simu ya vitufe, iliyofungwa mpira wa kufungia noti isiachie betri.

"Nipe hicho kitabu nikishike," Kibendera alisema.

"Hakishikiki. Kimo kwenye mtandao."

"Sasa utajuaje kwamba kipo?"

Refa akarudisha simu yake mfukoni.

Mwezi ulipokwisha, Mhariri alimtumia idadi: kumi na tisa. Refa aliitazama ile namba. Hawakutimia hata wa kujaza timu mbili uwanjani. Kesho yake akapanda zile ngazi juu ya duka la miwani, goti likilalamika kila hatua, akaingia bila kubisha.

"Mwanangu, kuna wizi hapa," alisema. "Sisemi ni wewe. Lakini kuna mahali mashine haihesabu."

Mhariri akamvutia kiti, akageuza kompyuta imtazame. Akamwonyesha hesabu yote, siku kwa siku, na nchi walikonunua. Kisha akamfungulia hesabu za vitabu vingine, akiwa ameficha majina. Kulikuwa na mashairi yaliyosifiwa gazetini, wanunuzi kumi na mmoja. Kulikuwa na kitabu cha kufuga kuku, ambacho ndicho kilichokuwa kikilipa umeme wa ofisi. Chini kabisa kulikuwa na hadithi fupi, miaka minne sokoni, wanunuzi sitini na tatu.

"Hiki cha nani?" Refa akauliza.

"Changu. Na nusu yao ni shangazi zangu."

"Una shangazi wengi."

"Ninao wachache. Wananunua mara mbili mbili, wakidhani cha kwanza kimefutika."

Refa akacheka asipende kucheka. Mhariri akamletea maji, akakaa naye.

"Nilikuwa nauza kwenye duka la vitabu kabla halijafungwa," alisema, akiyaonyesha yale maboksi kwa kidevu. "Haya ndiyo niliyopewa badala ya mafao yangu. Alikuwa anaingia mtu wakati wa mchana, amevaa ovaroli, anachukua kitabu, anakinusa, anasoma kurasa mbili amesimama, anarudisha. Kesho anarudi, anasoma mbili nyingine. Mimi najifanya sioni. Siku ya mshahara anakuja moja kwa moja kwenye rafu ile, hatazami kushoto wala kulia. Ule uso wake, baba! Siku hizi naona namba tu. Hata ingekuwa elfu mbili, zingekuwa namba. Uso ndio ninaoukosa."

Refa alikunywa maji yake polepole. Alikuwa akiwaza watu wa ukutani, wamekaa wamebanana, na yeye hakuwahi kumjua hata mmoja kwa sura. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe hakuna wizi.

"Nilijua," mkewe alisema. "Yule dada ana macho ya mtu asiyelala. Wezi wanalala."

Kile kimya kikaja kama alivyoambiwa. Mwezi ukapita na mnunuzi mmoja, mwingine ukapita bila hata huyo. Refa aliacha kuulizia. Akawa anakwenda supamaketi mara kwa mara kununua vitu vidogo vidogo, kiberiti leo, chumvi kesho, na kila akifika kwenye friji za maziwa anapunguza mwendo. Ndani yake hakuwa na hasira tena. Ilikuwa zaidi kama ile hali ya Jumapili jioni baada ya mechi, watu wameondoka wote, yeye anakusanya vibendera vya kona.

Ndipo Mhariri akampigia simu.

"Baba, umekaa?"

"Nimekaa. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Umepata maoni ya msomaji, ya kwanza kabisa. Lakini nyota aliyokupa ni moja kati ya tano. Nisome?"

"Soma."

"'Mwandishi ni mwongo. Sikuwa nimeotea. Beki wao wa kulia alikuwa mbele yangu, na refa alikuwa mbali, amechoka. Kipa mwenye kofia amemweleza vizuri. Kiberiti, namba tisa.'"

Mhariri akasubiri. "Baba, usiumie. Kila mwandishi hupata moja ya hivi. Ukitaka tunaweza kulalamika waiondoe..."

Halafu akasikia kitu kama kikohozi, kisha kikawa kicheko, na kicheko kikaendelea mpaka mkewe Refa akasikika kwa mbali akiuliza kama amewehuka.

"Yuko hai!" Refa alikuwa akisema. "Mama watoto, Kiberiti yuko hai! Mwanangu, nyota hiyo mtu asiiguse!"

Kiberiti alikuwa mshambuliaji wa timu ya kiwanda cha magunia: mfupi, mwepesi, na hasira zake zilijulikana toka geti la kiwanda mpaka mwisho wa mji. Katika nusu fainali ya kombe la viwanda, dakika za mwisho kabisa, timu hazijafungana, alipenya nyuma ya mabeki wa Posta akaweka mpira wavuni. Kibendera alinyanyua bendera. Refa akapuliza: ameotea. Kiwanda cha magunia kikatolewa kwa penalti. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, wachezaji wakatawanyika kila mmoja na njia yake, na timu haikuwahi tena kufika karibu na fainali, kwa sababu haikuwepo. Refa alikuwa ameiandika mechi ile kurasa nyingi kuliko zote. Kwenye kitabu, kama uwanjani, Kiberiti alikuwa ameotea.

Ilitokea kwamba Kiberiti hakutosheka na ile nyota moja. Aliiandikia pia kampuni, akitaka kitabu kirekebishwe, na akaacha namba ya simu. Refa akapiga siku hiyo hiyo.

"Halo, nani?"

"Refa."

"Refa gani?"

"Unajua refa gani."

Kisha ile sauti, nzito zaidi kuliko zamani, lakini moto wake ule ule: "Kitabu chako nimekisoma mara mbili. Kimejaa uongo."

"Mara mbili?"

"Ya kwanza kwa hasira. Usibadilishe mada. Uko wapi?"

Walipanga kukutana pale pale, mlangoni pa supamaketi. Refa alifika mapema, tabia ya marefa. Alimtambua kutoka mbali kwa mwendo, vile vihatua vifupi vya haraka, ingawa sasa vilisaidiwa na fimbo. Hawakukumbatiana. Walipeana mikono wakaisahau mikono yao hapo, wakitazamana walivyozeeka.

"Twende ndani," Kiberiti alisema.

Wakaingia. Kiberiti alilitafuta tangi la maji dirishani, akageuka kidogo, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye njia iliyo kati ya sabuni na mafuta ya kupikia. "Mpira ulitoka pale. Winga wetu alikuwa hapo kwenye sabuni za unga."

"Kwenye sabuni za miche," Refa alisema. "Usimsogeze."

"Mimi nilikuwa hapa. Beki wao alikuwa kwenye makopo ya nyanya. Mbele yangu!"

"Beki alikuwa kwenye unga, Kiberiti. Nyuma yako hatua nzima. Wewe ulikuwa unatazama goli. Mimi nilikuwa natazama mstari."

"Mstari gani? Mstari wa majivu? Umeandika mwenyewe ulikuwa unahama!"

Sauti zilikuwa zimepanda. Mama mmoja mwenye toroli akaamua kwenda njia nyingine. Mlinzi akaja, akauliza wazee kuna tatizo gani, na Kiberiti akamweka asimame kwenye makopo ya nyanya awe beki. Mlinzi akasimama, hajui kama acheke au amwite meneja. Refa, kwa kuona mambo hayaendi, akampigia Kibendera.

"Ile nusu fainali," alimwambia. "Ulinyanyua bendera kwa nini?"

"Nilinyanyua?" Kibendera aliuliza.

"Ulinyanyua."

"Basi kama nilinyanyua, palikuwa na sababu," Kibendera alisema, na simu yake ikakata, pengine betri imeachia.

Wakatazamana, na Kiberiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku ameshika rafu ya sabuni, mpaka mlinzi naye akacheka bila kujua kwa nini. Wakanunua soda mbili, wakaenda kukaa nje kwenye ngazi za upande wa kushushia mizigo, ambako zamani palikuwa na chumba cha kubadilishia nguo.

"Ulikipataje?" Refa akauliza. "Kitabu."

Kiberiti aliizungusha chupa mikononi. "Binti yangu alinifundisha kutafuta vitu kwenye simu. Unaandika jina, yenyewe inaleta. Nikaandika jina la timu yetu. Nilidhani italeta picha, matokeo, kitu. Tulicheza miaka yote ile, Refa, watu wakiacha kazi kuja kututazama. Haikuleta kitu. Nikaandika tena vingine. Kikaja kimoja tu, hicho kitabu chako." Akanywa funda moja. "Timu nzima, dunia nzima, ipo kwenye kitabu chako tu. Na humo ndani nimeotea!"

Malori yalikuwa yakirudi nyuma kushusha mizigo, na walilazimika kuvuta miguu. Wakaanza kutaja watu. Yule beki alikufa, mguu ulioza kwa sukari. Winga yuko, haoni vizuri. Kipa wa kofia alizikwa nayo, mkewe alisisitiza. Kila jina walilitaja polepole, wakilipa nafasi yake, na soda zikapata joto mikononi mwao kabla hawajazimaliza.

Wiki iliyofuata walipanda wote wawili zile ngazi za duka la miwani, goti na fimbo. Refa akamweleza Mhariri anachotaka: sura yake ibaki kama ilivyo, herufi kwa herufi, lakini baada yake iongezwe sura nyingine, ya Kiberiti, aseme alivyoona yeye.

"Kitabu kimeshatoka, baba," Mhariri alisema, kisha akajikumbusha mwenyewe. "Lakini hiki hakina karatasi. Hakuna kilichochapwa kinachotupwa. Tunaweza."

Alipokuwa akiandika jina la Kiberiti kwenye mkataba aliinua macho na kumtazama usoni, akamtazama kwa muda kuliko adabu inavyoruhusu, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyepotea. "Kwa hiyo wewe ndiye mnunuzi wa ishirini na moja," alisema.

Sura mpya ilipoongezwa, watu wa magunia na wa Posta wakaanza kusikia. Winga asiyeona vizuri alisomewa na mkwe wake, akatuma salamu kwamba yeye alikuwa kwenye kona kabisa na wote wawili wanatia chumvi. Mtoto wa yule beki alinunua akiwa ng'ambo, akaandika kwamba hakuwahi kujua baba yake alicheza mpira. Refa alikuwa akiambiwa na Mhariri idadi, naye akiuliza, "Ni nani?" kwanza, kabla ya kuuliza wangapi. Mwaka wa kwanza ulipofungwa, wasomaji walikuwa sabini na kitu, pale pale ndani ya makadirio aliyopewa siku ya kwanza kwenye chumba kile chenye feni. Mrabaha wake ulimnunulia mkewe viatu, na mkewe alivivaa harusini, akamwambia kila aliyevisifu kwamba vimetoka kwenye kitabu.

Kisha Kiberiti akasema haifai kuishia hapo, kuna mechi nyingi Refa hakuchezesha. Walipomwambia Mhariri kwamba wanaandika cha pili, wawili kwa pamoja, aliwaonya kwamba cha pili mara nyingi huuza pungufu ya cha kwanza.

"Pungufu kiasi gani?" Kiberiti akauliza.

"Inawezekana hamsini, au arobaini."

"Wanatosha," Refa alisema. "Tunawafahamu karibu wote."

Siku hizi Kiberiti huja alasiri, anaketi kibarazani, anaweka fimbo kwenye kona, na kuanza kusimulia huku Refa akigonga kwa vidole vyake viwili. Juzi walikuwa kwenye mechi ya ugenini, timu ya magunia imesafiri usiku kucha kwenye lori la kiwanda, wachezaji wamelala juu ya marobota.

"Andika kwamba mvua ilikuwa inanyesha," Kiberiti alisema.

"Ulisema jua lilikuwa kali."

"Hiyo ilikuwa asubuhi. Refa, naanza kukasirika."

"Wewe hukuwahi kuacha kukasirika. Mvua kubwa au manyunyu?"

Kiberiti akafumba macho ili aione vizuri. Mkewe Refa alikuwa ameleta chai. Akaweka sinia chini, akavuta kigoda, akakaa nao kusikiliza.